Kutoka Inchi hadi Nyuzi: Historia ya Upimaji wa Pembe ya Kabari katika Vitegemezi vya Tao la Unyayo

1.0 Utangulizi

Kabari ni neno ambalo mzungumzaji wa Kiswahili hulijua kabla hajaingia darasani. Ni kipande cha mti au chuma, chembamba upande mmoja na kinene upande wa pili, kinachopigiliwa ili kupasua gogo, kukaza mpini wa jembe au kuzuia mlango usijifunge. Seremala haagizi kabari kwa nyuzi. Huichonga, huijaribu, huipunguza, kisha huipigilia. Insha hii inahusu kabari ya namna nyingine, yaani ile inayowekwa chini ya kisigino au chini ya sehemu ya mbele ya unyayo, ama kwenye kiatu chenyewe ama kwenye kitegemezi cha tao kinachoingizwa ndani ya kiatu, kwa kusudi la kurekebisha jinsi mguu unavyokanyaga ardhi. Kabari hiyo nayo ilianza kwa kuchongwa na kujaribiwa. Leo huagizwa kwa nambari: nyuzi 2, nyuzi 4, nyuzi 6. Nambari huandikwa na mtabibu katika fomu, fomu hupelekwa karakana ambayo huenda iko mji mwingine, na fundi ambaye hajapata kumwona mgonjwa huikata kabari kwa kuifuata nambari hiyo.

Swali linaloongoza insha hii ni jepesi kuuliza: nambari hiyo ni kipimo cha kitu gani? Je, ni pembe ya mfupa, ya ngozi, ya plasta, ya plastiki, au ya kiatu? Historia za taaluma hii, ambazo kwa sehemu kubwa zimeandikwa na watabibu wenyewe, husimulia safari ya kutoka kwenye ubabaishaji kwenda kwenye usahihi. Mtafiti hakubaliani na usimulizi huo. Ushahidi unaonesha kwamba kilichobadilika zaidi si usahihi wa kipimo bali mahali kipimo kinapochukuliwa. Kipimo kilihama kutoka kwenye kiatu kwenda kwenye bamba la chuma, kikaenda kwenye mguu wa mgonjwa, kikahamia kwenye sanamu ya plasta, na hatimaye kikaingia ndani ya faili la kompyuta. Kila kilipohama kiliendelea kuitwa kwa jina lilelile, na hapo ndipo ulipo mkanganyiko ambao mgonjwa ndiye huubeba miguuni mwake.

Istilahi chache zinahitaji kuwekwa wazi. Unyayo unaolalia ndani ni ule ambao kisigino chake huinamia upande wa mguu wa pili na tao lake hushuka mtu anaposimama. Unaolalia nje ni kinyume chake. Varasi ni hali ya kisigino au sehemu ya mbele ya unyayo kuinuka upande wa ndani, na valgasi ni kuinuka upande wa nje. Kabari ya varasi, basi, ni ile yenye unene mkubwa upande wa ndani. Kalibu ni ganda la plasta linalochukuliwa moja kwa moja kwenye mguu, na sanamu ni umbo la plasta linalopatikana baada ya kujaza kalibu hiyo. Talasi ni mfupa ulio juu ya mfupa wa kisigino. Kiungo kilichopo kati ya mifupa hiyo miwili ndicho kitovu cha sehemu kubwa ya mjadala huu.

2.0 Inchi ya Fundi Viatu

Hugh Owen Thomas (1834–1891) alizaliwa katika ukoo wa waunga mifupa wa kisiwa cha Anglesey, Wales. Baba yake, Evan Thomas, alifanya kazi hiyo Liverpool bila shahada yoyote ya udaktari. Hugh alisomea udaktari, lakini hakuyaacha mazoea ya karakana. Nyumbani kwake katika mtaa wa Nelson alikuwa na mhunzi na fundi wa ngozi waliotengeneza vifaa chini ya macho yake. Jambo hili lina uzito kwa hoja ya insha hii. Aliyepima, aliyeagiza na aliyetengeneza walikuwa chini ya paa moja, na mgonjwa alikuwa mlangoni. Kabari isiyofaa ilirudishwa kwenye tupa siku hiyohiyo.

Kisigino cha kiatu kinachobeba jina la Thomas hurefushwa kuelekea mbele upande wa ndani ili kufika chini ya tao, na huinuliwa upande huohuo. Kiasi cha kuinua kilitajwa kwa sehemu za inchi, mara nyingi moja ya nane ya inchi au zaidi kidogo. Mpwa wake, Robert Jones, ambaye baadaye alisimamia huduma za mifupa katika jeshi la Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, aliueneza utaratibu huu mbali zaidi ya Liverpool.

Inafaa kuisimamisha inchi hiyo na kuihoji, kwa sababu ndani yake mna pembe iliyojificha. Kabari ni pembetatu: unene wa upande mnene ukigawanywa kwa upana wa kisigino hutoa tanjenti ya pembe. Moja ya nane ya inchi ni milimita 3.2 hivi. Kwenye kisigino cha kiatu cha mtu mzima chenye upana wa inchi mbili na nusu, yaani milimita 63.5, unene huo hutoa pembe isiyofika nyuzi 3. Kwenye kisigino cha mtoto chenye upana wa milimita 45, unene uleule hutoa nyuzi 4. Kwa hiyo agizo moja la "moja ya nane ya inchi" lilikuwa na dawa kali zaidi kwa mtoto kuliko kwa mtu mzima, ingawa fomu ilisema kitu kilekile. Mtu angeweza kuona hapo udhaifu ambao nyuzi zilikuja kuuponya. Lakini kuna upande wa pili. Inchi ilikuwa kipimo cha kitu ambacho kila mtu aliweza kukiona na kukigusa, yaani ngozi iliyobandikwa chini ya kiatu. Hakuna aliyedai kwamba moja ya nane ya inchi ni sifa ya mguu wa mgonjwa. Ilikuwa sifa ya kabari tu, na kabari ilihukumiwa kwa matokeo yake.

3.0 Bamba la Chuma

Nchini Marekani njia ilikuwa tofauti. Royal Whitman (1857–1946), daktari wa upasuaji wa mifupa aliyefanya kazi New York, alianza mwishoni mwa miaka ya 1880 kuchapisha maandishi kuhusu nyayo bapa na kitegemezi cha chuma alichokibuni. Bamba lake lilifuliwa juu ya sanamu ya plasta ya mguu wa mgonjwa mwenyewe. Lilikuwa na ukingo uliopanda upande wa ndani hadi juu ya tao na ukingo mwingine upande wa nje. Halikuwa na kabari kwa maana ya kipande kilichopachikwa. Marekebisho yote yalikuwa ndani ya umbo. Mgonjwa alipokanyaga na kuulalia upande wa nje, bamba liliinuka upande wa ndani na kumsukuma, na ikiwa alilegea, chuma kilimkumbusha kwa maumivu.

Percy Roberts alikuja na bamba lenye kikombe kirefu cha kisigino katika miaka ya 1910, na Otto Schuster, mtabibu wa miguu wa New York, akaunganisha mawazo ya wote wawili katika muongo uliofuata. Kikombe cha Roberts kina umuhimu wake, kwa kuwa kilikiri kwamba mahali pa kushika ni kisigino na si kilele cha tao. Hata hivyo, hakuna hata mmoja kati ya hao aliyehitaji kutaja nyuzi. Kipimo kilikuwa sanamu nzima. Wakati huohuo, William Scholl wa Chicago alikuwa akiuza tangu 1904 vitegemezi vilivyotengenezwa kwa wingi, ambavyo vipimo vyake vilikuwa saizi za viatu. Pengo kati ya sanamu ya mtu mmoja na saizi ya watu wote ndilo lililosubiri kujazwa na kipimo cha tatu.

4.0 Nyuzi Zinaingia

Kipimo hicho kilikuja California. Merton Root, mwalimu katika chuo cha utabibu wa miguu cha San Francisco, alianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kutengeneza vitegemezi vya plastiki ngumu inayolainika kwa joto, iliyojulikana kwa jina la kibiashara Rohadur. Plastiki ilibadilisha kazi. Bamba la chuma lilihitaji mhunzi. Plastiki ilihitaji jiko, kifaa cha kuikandamiza juu ya sanamu, na mashine ya kusaga. Kabari sasa iliweza kubandikwa chini ya ganda na kusagwa hadi kufikia pembe yoyote iliyotakiwa, jambo ambalo halikuwa rahisi kwenye chuma kilichofuliwa.

Mwaka 1971 Root, pamoja na William Orien, John Weed na Robert Hughes, walichapisha kitabu cha uchunguzi wa unyayo, na mwaka 1977 Root, Orien na Weed wakatoa juzuu ya pili kuhusu utendaji wa kawaida na usio wa kawaida wa unyayo. Vitabu hivyo viliweka mfumo kamili. Kiungo kilicho chini ya talasi kilipewa mkao wa katikati, usiolalia ndani wala nje. Unyayo wa kawaida ulielezwa kuwa ule ambao, ukiwa katika mkao huo, mstari unaokigawa kisigino kwa nyuma husimama wima, na uso wa chini wa sehemu ya mbele huwa sambamba na uso wa chini wa kisigino. Kila kilichokengeuka kutoka hapo kilikuwa na jina na nyuzi zake.

Ili kuuelewa mfumo huu ni lazima kuufuata hatua kwa hatua, kwa kuwa ndani ya hatua hizo ndimo nambari inamozaliwa. Mgonjwa hulazwa kifudifudi. Mtabibu hupapasa mfupa wa kisigino, huchora kwa kalamu mstari unaougawa katikati kwa nyuma, na huchora mwingine kwenye theluthi ya chini ya mguu. Kisha huzungusha kisigino kuelekea ndani hadi mwisho na kusoma pembe kwenye kipimapembe, halafu kuelekea nje hadi mwisho na kusoma tena. Kwa mujibu wa Root, mkao wa katikati upo mahali ambapo theluthi mbili za mwendo zimebaki upande wa kuelekea ndani na theluthi moja upande wa kuelekea nje. Tuchukue mfano. Kisigino kimefika nyuzi 24 kikielekea ndani na nyuzi 6 kikielekea nje. Mwendo wote ni nyuzi 30. Theluthi yake ni 10. Kutoka mwisho wa upande wa nje tunarudi nyuzi 10, tunavuka mstari wa wima, na tunafika nyuzi 4 upande wa ndani. Mgonjwa huyu ana varasi ya kisigino ya nyuzi 4. Kabari ya kisigino itafuata nambari hiyo, kwa kawaida ikisagwa pembeni ili kuruhusu unyayo ushuke kidogo kisigino kinapogusa ardhi.

Kwa sehemu ya mbele, kazi ilifanyika kwenye sanamu. Fundi aliiweka sanamu mezani, akapigilia msumari au kuweka kipande cha plasta chini ya kichwa cha mfupa wa metatasi ya kwanza, au ya tano, mpaka mstari wa kisigino usimame wima. Pengo lililobaki chini ya sanamu lilijazwa plasta. Pembe haikuwa tena kitu kilichobandikwa bali kitu kilichofichwa ndani ya umbo la sanamu, na ganda la plastiki lilipokandamizwa juu yake lilitoka na kabari isiyoonekana.

Mtu hawezi kusoma vitabu hivyo bila kustaajabia unadhifu wake. Kila kitu kinahesabika. Hapa ndipo mtafiti anaona sababu halisi ya nyuzi kuenea: pamoja na hoja za kianatomia, zilifaa kusafiri. Katika karakana ya Thomas nambari haikuhitaji kutoka nje ya nyumba. Lakini katika Marekani ya miaka ya 1970, sanamu na fomu zilitumwa kwa posta kwenye maabara za kibiashara zilizohudumia watabibu wengi kwa pamoja. Anayeagiza kwa mbali hawezi kusema "punguza kidogo, tujaribu tena". Anahitaji lugha fupi ambayo fundi asiyemjua ataielewa bila kuuliza. "Nyuzi 4 varasi" ni lugha ya namna hiyo.

Utaratibu huu hatimaye ulivuka bahari. Chuo cha TATCOT kilichopo katika hospitali ya KCMC, Moshi, ambacho tangu 1981 kimekuwa kikifundisha mafundi sanifu wa viungo bandia na vitegemezi kutoka nchi nyingi za Afrika, ni sehemu ya ulimwengu huohuo wa kitaaluma, ambamo mguu huelezwa kwa nyuzi. Kwa hiyo, kuhoji nyuzi hizo si udadisi kuhusu mambo ya Wamarekani pekee.

5.0 Mstari Uliochorwa kwa Kalamu

Turudi kwa mgonjwa wetu wa nyuzi 4. Nambari yake inategemea mstari uliochorwa kwa kalamu kwenye ngozi iliyo juu ya mfupa wa mviringo, uliofunikwa kwa mafuta, na wenye kingo zisizolingana. Tuseme mtabibu wa pili amechora mstari huo ukiwa umeinama kwa nyuzi 3 tu kuelekea nje. Mguu ni uleule na mwendo ni uleule, lakini yeye atasoma 21 kuelekea ndani na 9 kuelekea nje. Jumla bado ni 30, theluthi bado ni 10, ila sasa kutoka 9 kurudi 10 kunamfikisha nyuzi 1 tu. Kosa lote la mstari limeingia kwenye jibu bila kupungua hata kidogo. Hesabu ya theluthi, ambayo inaonekana kama chombo cha kusafisha kipimo, haisafishi kosa hilo hata chembe, hulipitisha.

Mfano huo ni wa kubuni, lakini takwimu za wakati wake zinauunga mkono. Elveru, Rothstein na Lamb (1988) walichunguza uthabiti wa vipimo vya kipimapembe katika mazingira ya kliniki. Mtabibu mmoja alipopima tena mguu uleule, kigezo cha ulinganifu kwa mkao wa katikati kilikuwa 0.77, kiwango kinachoweza kuvumilika. Watabibu wawili tofauti walipopima mguu mmoja, kigezo kilishuka hadi 0.25. Tofauti kati ya nambari hizo mbili ndiyo kiini cha jambo. Mtabibu analingana na nafsi yake kwa kuwa ana mazoea yake ya kupapasa na kuchora. Halingani na mwenzake kwa kuwa mwenzake ana mazoea mengine. Nyuzi zilizobuniwa ili zisafiri zinaonekana kuwa na maana zaidi zikikaa nyumbani.

Ushahidi wa pili unashangaza zaidi. McPoil na wenzake (1988) walipima nyayo 116 za wanawake vijana wasio na maradhi. Takribani asilimia 45 zilikuwa na valgasi ya sehemu ya mbele na takribani asilimia 9 tu zilikuwa na varasi. Miaka sita baadaye, Garbalosa na wenzake (1994) walipima nyayo 234 za watu wazima wenye afya wakakuta takribani asilimia 87 zina varasi na takribani asilimia 9 zina valgasi. Haiwezekani kwamba nyayo za Wamarekani ziligeuka upande katika miaka sita. Makundi yalitofautiana, vifaa vilitofautiana, na mikono ilitofautiana. Mtafiti anaona kwamba sababu ya mwisho ndiyo yenye nguvu. Lakini katika kliniki, aliyefundishwa upande mmoja angeandika kabari ya ndani, na aliyefundishwa upande wa pili kabari ya nje, kwa ajili ya mguu ambao hauumwi.

Mzizi wenyewe wa mkao wa katikati nao ulikuwa mwembamba. Root na wenzake waliegemea kwa sehemu utafiti wa Wright, Desai na Henderson (1964), uliofuatilia mwendo wa kiungo hicho mtu anapotembea. Utafiti huo ulihusu watu wawili. Isitoshe, kama McPoil na wenzake walivyoonesha katika miaka ya 1990, mkao ambao Wright aliufanya kuwa sifuri ni ule wa mtu aliyesimama kwa utulivu, wala si ule ambao Root aliuita wa katikati. Neno moja, mikao miwili. Walipopima watu wakitembea, McPoil na Cornwall (1994) walikuta kisigino kikizunguka kuuelekea mkao wa kusimama kwa utulivu kuliko ule wa katikati wa Root. Kabari zote zilizokatwa ili kumrudisha mgonjwa kwenye sifuri zilikuwa zikimrudisha kwenye sifuri ambayo huenda haikuwa ya mwendo wake.

Haifai, hata hivyo, kuhitimisha kwamba vitegemezi vya Root havikuwasaidia watu. Wagonjwa wengi walipata nafuu, na watabibu hawakuwa wajinga. Linalodaiwa hapa ni dogo zaidi na pia gumu zaidi kulikwepa: nafuu hiyo haithibitishi nambari. Ganda gumu lenye kikombe cha kisigino na kabari fulani upande wa ndani linaweza kumfaa mtu hata kama nyuzi zilizoandikwa hazikuwa sifa ya mguu wake.

6.0 Nyuzi 25 Zinazofanya Kazi ya 5

Watabibu waliobaki ndani ya shule ya California ndio walioanza kuuvunja mfumo kutoka ndani, na walifanya hivyo kwa sababu ya karakana zaidi kuliko nadharia. Kwa nyayo zinazolalia ndani sana, kabari ya nyuzi 4 au 6 haikutosha. Richard Blake wa San Francisco, katika maandishi ya mwaka 1986, alieleza njia ya kuiinamisha sanamu yote kwa nyuzi 15, 25 au hata 35 kabla ya kuikandamizia plastiki. Nambari hizo zinatisha mpaka mtu aelewe kinachotokea mezani. Sanamu inapoinamishwa hivyo, tao lake huinuka mno, na fundi hulazimika kuongeza plasta nyingi ili ganda lisimchome mgonjwa. Plasta hiyo humeza sehemu kubwa ya pembe. Kanuni ya kazi ikawa tano kwa moja: nyuzi 25 za sanamu kwa nyuzi 5 za mabadiliko ya kisigino.

Msomaji wa fomu asiyejua njia iliyotumika angeona "25" ya Blake na "5" ya Root akadhani mmoja wao amekosea sana, kumbe huenda wanazungumzia nguvu ileile. Nyuzi moja imekuwa ya sanamu, nyingine ya kabari, nyingine ya mfupa. Kipimo kimehama, jina limebaki.

Kevin Kirby, naye mtabibu wa California, alikwenda mbali zaidi. Swali lake halikuwa kisigino kimeinama kiasi gani, bali mhimili wa kiungo unapita wapi. Ilikuwa imejulikana kwa muda mrefu kwamba mhimili huo umelala kwa mshazari. Manter (1941) alikuwa ametoa wastani wa nyuzi 42 kutoka uso wa ardhi na 16 kutoka mstari wa kwenda mbele. Inman (1976), kwa kupima maiti zaidi, alipata 42 na 23, lakini alichokionesha cha maana zaidi ni mtawanyiko: pembe ya pili ilianzia nyuzi 4 kwa mguu mmoja na kufika 47 kwa mwingine. Mhimili unapoingia sana upande wa ndani, sehemu kubwa ya unyayo hubaki nje yake, na ardhi inapousukuma unyayo juu huulaza ndani kwa nguvu zaidi. Kabari isiyosukuma upande wa ndani wa mhimili huo haiwezi kuuzuia, hata iwe na nyuzi ngapi.

Kutokana na hoja hiyo Kirby alipendekeza mwaka 1992 kukwangua upande wa ndani wa kisigino cha sanamu, ili ganda litoke na mteremko ndani ya kikombe. Pembe ya mkwaruzo aliiacha palepale, nyuzi 15 kwa kila mgonjwa. Kilichobadilika ni kina: milimita 2, 4 au 6. Kwa maneno mengine, baada ya takribani miaka 20 ya utawala wa nyuzi, mmoja wa wanafikra wakubwa wa taaluma hii alirudi kwenye kipimo cha unene, kama fundi wa ngozi wa Liverpool. Tofauti ni kwamba Thomas alipima unene kwa kuwa ndiyo aliyokuwa nayo, na Kirby alipima unene kwa kuwa alikuwa anauliza nguvu inasukuma wapi.

7.0 Kabari Iliyohamia Gotini

Historia sambamba ya kabari ya upande wa nje kwa wenye ugonjwa wa goti inastahili kuguswa, kwa kuwa huko nyuzi zilibaki kuwa sifa ya kabari na si ya mgonjwa. Sasaki na Yasuda, nchini Japani, waliipendekeza mwaka 1987 kwa ajili ya goti lililolika upande wa ndani. Kerrigan na wenzake (2002) walipima kabari za nyuzi 5 na 10: ya kwanza ilipunguza msukumo unaolibana goti upande wa ndani kwa asilimia 6 hivi, ya pili kwa asilimia 8. Kuongeza pembe mara mbili hakukuongeza faida mara mbili, na kabari kubwa haivumiliki kirahisi kiatuni. Nyuzi 5 zikawa desturi. Kisha Bennell na wenzake (2011), nchini Australia, wakawafuatilia watu 200 kwa miezi 12, nusu wakiwa na kabari ya nyuzi 5 na nusu wakiwa na soli bapa. Maumivu hayakutofautiana. Pembe ilikuwa imepimwa vizuri, msukumo ulikuwa umepimwa vizuri, na mgonjwa hakuona tofauti.

8.0 Pembe Ndani ya Faili

Mwaka 2013, Telfer na wenzake wa Glasgow walichapisha utafiti ambao, kwa maoni ya mtafiti, uliuliza kwa mara ya kwanza kwa utaratibu kamili swali ambalo lilipaswa kuulizwa miaka 40 kabla. Badala ya kutafuta nyuzi sahihi za kila mgonjwa, walichukua nyuzi kama wafamasia wanavyochukua kipimo cha dawa. Kila mshiriki alitengenezewa vitegemezi vilivyochapwa kwa mashine ya kompyuta, kabari ya kisigino ikibadilika kwa hatua za nyuzi 2, kutoka nyuzi 6 upande wa nje hadi nyuzi 10 upande wa ndani. Kila kitu kingine kilibaki vilevile. Matokeo yalionesha uhusiano wa mstari ulionyooka kati ya pembe ya kabari na mwendo wa kisigino: kabari ikiongezeka, athari huongezeka.

Jambo hilo halikuwezekana katika zama za plasta, kwa sababu hakuna fundi awezaye kusaga kabari tisa zinazopishana kwa nyuzi 2 kamili na kuacha sehemu nyingine zote bila kuguswa. Mashine iliweza. Wala haikuhitaji mstari wa kalamu kwenye kisigino, kwa kuwa nyuzi zilihesabiwa kutoka kwenye umbo la kitegemezi chenyewe na si kutoka kwenye mkao wa katikati wa mtu yeyote.

Hata hivyo, pembe iliyoripotiwa ni ile ya usanifu, iliyoandikwa kwenye faili. Kati ya faili na mfupa wa kisigino kuna plastiki inayopinda, soli ya kiatu inayobonyea, soksi, ngozi na tabaka la mafuta lenye unene usiolingana kati ya mtu na mtu. Kwenye kisigino cha kitegemezi chenye upana wa milimita 60, nyuzi 2 ni milimita 2.1 tu za unene. Soli laini ya kiatu cha michezo, iliyokwishavaliwa kwa miezi michache na mtu anayelalia ndani, inaweza kubonyea upande mmoja kwa kiasi kinachokaribia hicho kabla kitegemezi hakijaingizwa.